Simu Niliyompigia Kilonzo

Kabati, Jumamosi jioni

Mutheu mwanangu,

Sikuulizi hali yako kwa sababu nimekusikia asubuhi yote ukiimba huku unakunja nguo, na sikuulizi kama umefika salama kwa sababu bado hujaondoka. Uko kanisani na baba yako, mnaombewa safari, na mimi nimewadanganya kwamba nabaki kupika. Ukweli ni kwamba nimeshindwa kutulia. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa. Nimeenda mpaka langoni kuangalia barabara ninayoijua. Nimefungua friji, nikaifunga, sijui nilikuwa natafuta nini. Sasa nimekaa mezani na kalamu kabla miguu haijaniinua tena.

Mambo ya neti ya mbu na nguo za jua sitaandika. Umri wako ni wa kujua hayo, na ukisahau, Garissa kuna maduka.

Naandika kwa sababu ya jambo moja, na nalisema sasa kabla sijaogopa. Juzi nilimpigia simu Kilonzo. Ndiyo, huyo huyo Kilonzo, fundi wa umeme tuliyefanya naye kazi Kibwezi, ambaye kuanzia Jumatatu atakuwa fundi katika timu yako. Nilimwomba akuangalie. Halafu nikamwomba awe ananipigia kuniambia unavyoendesha kazi, kama watu wanakusikiliza, kama kuna kitu kinaharibika. Akasema, "Sawa, madam."

Tangu hapo sina amani. Unaenda kuongoza watu kwa mara ya kwanza maishani mwako, na kabla hujafika nimekwisha kukuchukulia mmoja wao. Atakaa kwenye mikutano yako akisikiliza kwa ajili yangu. Najua utakavyokasirika ukifika hapa. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Nilimpigia kwa sababu naogopa, na naogopa kwa sababu nakujua. Unakumbuka Desemba, binamu zako walipokuja kutufungia gata la kuingiza maji ya mvua kwenye tangi? Vijana watatu wenye nguvu. Gata lilikuwa limeinama vibaya, maji yangemwagikia mlangoni, na wewe uliliona hilo kabla yao. Ukapanda ngazi, ukamwambia Musau, "Leta hiyo nyundo," ukang'oa, ukapima, ukapigilia upya peke yako. Kufikia jioni gata lilikuwa limekaa vizuri na shangazi zako wanakupigia vigelegele. Binamu zako walikuwa wamekaa kwenye mawe, kila mtu na simu yake.

Sikukuambia kilichofuata. Mvua ilipozidi, gata likaziba kwa majani, nikamwita Musau aje alizibue. Aliniambia nini? "Auntie, hiyo si ni ya Mutheu? Atarudi lini?" Kijana anaishi boma la pili kutoka hapa! Nilipanda ngazi mwenyewe na magoti yangu haya, huku baba yako ameishika chini akiniombea kwa sauti.

Nilicheka siku hiyo, lakini hofu iliniingia. Mkono wako ni mwepesi, Mutheu. Ukiona mtu anakosea waya, huwezi kungoja amalize. Na visima vya wafugaji mnavyoenda kuvifungia mitambo viko mbali kila kimoja na mwenzake. Huwezi kupanda kila ngazi. Ukijaribu, utachoka wewe, na wao watabaki kukaa kwenye mawe wakikuangalia.

Ngoja, maharagwe yanaungua.

Nimerudi. Yameshika chini kidogo, mtakula hivyo hivyo.

Nilikuwa nasema nini? Hofu. Hofu yangu haikuanza na gata. Ilianza Kibwezi, na hiyo hadithi ya Kibwezi nimekusimulia nusu. Siku zote nimekuambia mota iliungua kwa sababu kipimo cha tangi kilikuwa kibovu. Hakikuwa kibovu.

Ndio kwanza nilikuwa nimepewa umeneja wa mradi. Ulikuwa mradi mzuri: paneli za sola kando ya mto, pampu, bomba la kupandisha maji mpaka tangi la kilimani, na ndani ya tangi kipimo chenye laini ya simu. Tangi likijaa, kinatuma ujumbe na pampu inazima. Tangi likishuka, pampu inawaka. Ukutani ofisini nilikuwa na chati ya rangi, kijani kwa kazi iliyokwisha na nyekundu kwa iliyochelewa, na acha niseme tu, niliipenda ile chati kuliko nilivyowapenda watu. Asubuhi nilikuwa naitazama kabla ya kusalimia mtu.

Kamati ya maji ilimchagua Mama Nduku kutunza tangi, kwa sababu alikuwa mwanamke mwaminifu na nyumba yake ilikuwa pale pale kilimani. Mimi nilimchagua Muli kuendesha pampu kule mtoni, kwa sababu ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye mafunzo. Nikawaandikia utaratibu. Mama Nduku akitaka kuosha tangi, atampigia Muli simu azime pampu, kisha atafunga valvu, ataosha, atafungua, atampigia tena awashe. Rahisi. Nikausoma mbele ya mkutano wote. Nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Kuna shida yoyote?" Wakajibu kwa sauti moja, "Hakuna shida." Mama mmoja nyuma alicheka akaziba mdomo kwa leso. Nilidhani amefurahi.

Muli alikuwa amemwoa Nduku. Mama Nduku alikuwa mama mkwe wake.

Wewe umeona tayari. Mimi sikuona, na mimi ni Mkamba wa kuzaliwa, na nthoni naijua tangu nikiwa mgongoni. Ile heshima ya wakwe, kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawakutani njiani ila mmoja apishe, hawashikani mkono, hawaitani majina, na simu ndiyo mbaya zaidi, maana ni sauti yake imeingia sikioni mwako. Vijana wa mjini wameilegeza, siku hizi hata picha wanapiga pamoja. Lakini kule hawakuwa wameilegeza. Hata hapa nyumbani hatujailegeza. Baba yako mwenyewe, miaka yote hii ya ndoa, umewahi kumwona akila meza moja na nyanya yako? Nyanya akiingia tu, baba yako anakumbuka kuna mbuzi wa kutazamwa. Nilikuwa naishi na nthoni nyumba moja. Halafu nikivaa kofia ya kazi naiacha nyumbani, kwa sababu kwenye michoro ya uhandisi haina alama yake.

Basi unajua walifanya nini? Walijitengenezea njia yao. Mama Nduku alikuwa anampigia binti yake, na binti yake anampigia mume wake. Ikawa inafanya kazi, miezi inapita, na mimi naandika ripoti kwamba utaratibu wangu unafuatwa.

Siku hiyo Nduku alikuwa ameenda soko na simu yake ikaisha chaji. Mama yake alipiga, hapati. Akapiga tena, hapati. Tangi lilikuwa na tope na watu walikuwa wamelalamika. Jua lilikuwa limeingia mawinguni, akajiambia pampu itakuwa imelala yenyewe, akafunga valvu, akaingia kuosha. Kule chini jua likatoka. Kipimo kikasema tangi ni tupu, na lilikuwa tupu kweli, kwa hiyo pampu ikasukuma maji dhidi ya valvu iliyofungwa. Mota ikahangaika mpaka ikaungua. Kiungo kimoja cha bomba bondeni kikaachia, na maji yote yaliyokuwa njiani yakashuka kwenye shamba la ndengu zilizokuwa karibu kuvunwa.

Najua unachotaka kusema. Swichi ya presha, ile ya kuzima pampu maji yakikosa njia, ilikuwa wapi? Ilikuwa imeagizwa, ikachelewa, na nikasema tuanze tu, tutaifunga ikifika. Chati ilikuwa inaelekea nyekundu. Hata hilo ni langu.

Lakini sikia nilichofanya. Kilonzo ndiye aliyekifunga kile kipimo. Nilimsimamisha mbele ya kamati nzima nikamfokea. Nilimwambia amekifunga kama mtu anayefunga mbuzi kwa kamba ya katani. Alikuwa na mke mchanga na mtoto wa kwanza, na watu wa kijiji cha mkewe walikuwa wamekaa hapo wakisikiliza. Alinitazama, akasema, "Sawa, madam." Nikaking'oa kipimo, nikaagiza kingine, tukangoja. Kiangazi kile akina mama walirudi mtoni na punda na mitungi, wakipita mbele ya tangi jipya lisilo na maji. Na kila mtu alijua, Mutheu. Muli alijua, kamati ilijua, Kilonzo alijua. Ni mimi peke yangu mwenye mshahara wa kujua ambaye sikujua.

Aliyeniambia ni Nduku mwenyewe. Alikuja kwenye kontena tuliyoifanya ofisi, hakukaa.

"Engineer, wewe ni Mkamba ama unajifanya?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Umeandika bwana yangu apigiwe simu na mama yangu. Kwa karatasi. Ukasomea watu."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyesema siku ile ya mkutano.

"Waseme aje? Mama amekaa hapa, Muli amekaa pale. Nani ataongea mambo ya nthoni na wenyewe wanasikia? Ungeuliza kando. Mimi ndio nimekuwa waya yenu hii miezi yote. Sasa hiyo siku waya ilienda soko."

Kurekebisha hakukutaka kifaa chochote. Mama Nduku alikwenda kusimamia kioski cha kuuzia maji, mahali ambapo hakuhitaji kuongea na pampu, na tangi likapewa mzee aliyekuwa rafiki wa Muli kwenye kwaya. Hao walikuwa wanapigiana simu mpaka usiku, tena kwa mambo yasiyohusu maji kabisa.

Nilimwomba Kilonzo msamaha. Nilimwomba ndani ya gari, tukiwa wawili, tukipita Kiboko, macho yangu yakiwa barabarani. Nilimfokea mbele ya watu nikamwomba radhi mahali pasipo na mtu. Akasema ni sawa. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea, na alikuwa anajua kipimo hakina kosa. Akaniambia, "Madam, ningejitetea ningemwanika mama ya mtu. Na wewe ulikuwa umekasirika, hungesikia." Hayo maneno mawili ya mwisho yamekaa nami kuliko vyeti vyangu vyote. Kama utamkosea mtu mbele ya timu, na utamkosea tu, mrudie mbele ya timu hiyo hiyo. Mimi niliikwepa siku hiyo, na haikurudi.

Nimeinuka tena. Nimeenda kuangalia kama mbuzi wamefungiwa. Wamefungiwa.

Sasa usije ukafika Garissa ukaanza kutafuta nthoni. Huko kuna watu wengine na heshima zao, na mengine utayaona kwa macho, kama kutopanga majaribio ya pampu Ijumaa adhuhuri watu wanapokwenda msikitini. Mengine hutayaona. Lakini wewe una bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo: unajua kwamba hujui. Mimi nilishindwa kwa watu wangu, kwa lugha yangu, kwa sababu nilidhani nawajua na sina haja ya kuuliza. Wale vijana wawili wa Garissa kwenye timu yako, kaa nao kando, mmoja mmoja, kwa chai. Na usiwaulize kama kuna shida. Hilo swali lina jibu moja tu katika nchi hii yote. Mimi siku hizi nauliza hivi: "Kama ungetaka kazi hii ituharibikie, ungeiharibu wapi?" Watu wanacheka kwanza. Halafu wanakuonyesha, tena kwa kidole.

Na mtu akianza kukuonyesha, usimkatize umwambie suluhisho. Nakujua. Utakuwa umelipata kabla hajamaliza sentensi, na litakuwa sahihi, na bado utakuwa umekosea. Kalia mikono yako kama ni lazima. Mwache afunge waya vibaya mara moja, ilimradi hakuna umeme ndani, halafu muulize ameona nini. Inachelewesha, na makao makuu watakupigia wakiuliza mbona nyekundu imeongezeka kwenye chati. Waambie ni wewe umeamua. Usiseme ni mafundi. Ukianza kuwatupa mafundi wako kwa wakubwa ili wewe ubaki safi, watajua siku hiyo hiyo, na baada ya hapo kila kitu kitakuwa "sawa, madam."

Unaona narudi wapi. Ile "sawa, madam" ya juzi kwenye simu ilikuwa na sauti ile ile ya mbele ya kamati. Nilikata simu nikijisifu kwamba nimekuwekea ulinzi. Mpaka nilipokuwa nakamua nguo zako uani ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimemfanya Kilonzo kuwa Nduku. Nimemweka katikati ya watu wawili ambao wanaweza kuongea wenyewe. Na sisi hata nthoni hatuna, Mutheu, wewe ni mtoto niliyekuzaa! Kinachonizuia kukuuliza wewe ni woga wangu tu, kwamba utanijibu "niko sawa, Mama" na mimi nitabaki gizani. Na yeye hawezi kunikatalia. Hajawahi. Nilijua hivyo nilipoinua simu, na ndiyo sababu nilimpigia yeye.

Nilitaka kufunga barua hapa kwa kukuambia nitalirekebisha. Lakini meneja anayesema atarekebisha kesho tunamjua. Nimeweka kalamu chini, nikampigia.

Alipokea haraka. Nadhani alikuwa anaogopa nitamuuliza kitu.

"Kilonzo, ile kazi niliyokupa juzi, nimeifuta."

"Gani hiyo, madam?" Anajua vizuri ni gani.

"Ya kunipigia kuhusu Mutheu. Ilikuwa makosa. Sikupaswa kukuomba."

Nikasikia amevuta pumzi. Halafu akacheka kidogo. "Madam, hiyo kazi imenikosesha usingizi kuliko mota."

"Mbona hukukataa?"

"Nitakukatalia aje, wewe?"

Nikamwambia ajifunze, aanze na mimi. Akaniuliza, "Sasa Mutheu akiniuliza kama tuliongea, nitasema aje?"

"Sema ndiyo, tuliongea. Mimi namwambia leo."

"Na nisikupigie tena kabisa? Hata Krismasi?"

"Krismasi piga, tuongee mbuzi."

Kwa hiyo Kilonzo ni wako. Kama hutamtaka kwenye timu baada ya kusoma haya, hilo ni lako pia kuamua, ila muulize yeye kwanza, kando. Mimi sitasema neno. Sina mtu Garissa tena. Ukifanikiwa nitasikia kutoka kwako, na ukishindwa nitasikia kutoka kwako, ama sitasikia kabisa. Nimekubali yote, ingawa hilo la mwisho linaniuma hata kuliandika. Nitaumia, na kuyasimamia maumivu yangu si kazi yako.

Nakupenda na ninakuogopea, vyote pamoja, na kimoja hakipunguzi kingine.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako uisome ukiwa umeshafika, mimi nikiwa mbali na hasira zako. Nimebadilisha mawazo. Nitakupa mkononi ukiingia, usome mezani hapa. Nawasikia mnaagana na watu langoni.

Ukimaliza, niko jikoni. Njoo unifokee.

Mama